Dawa ya mdondo: kabla hujanunua, uliza imejaribiwa wapi



Juzi kijana mmoja mwenye kuku wa kienyeji 200 alinitumia picha ya chupa aliyonunua mnadani. Haina lebo wala tarehe. Muuzaji alimwambia, "Inatibu mdondo, jirani yako kuku wake wamepona." Siku nne baadaye kijana kabaki na kuku 30.

Tuelewane: mdondo (wengine mnauita kideri) unaletwa na kirusi na hauna tiba. Dawa yake ni chanjo, basi. Na chanjo haichanganywi jikoni kwa mtu. Tuangalie hii ya I-2, ya tone la jicho.

Kutafuta. Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, timu ya Profesa Peter Spradbrow ilipima aina 45 za virusi vya mdondo visivyo vikali. Walitaka kirusi kinachoamsha kinga bila kumuumiza kuku, na kinachovumilia joto, maana vijijini friji ni shida. I-2 ndiyo ikachaguliwa, na mbegu yake ikatolewa bure kwa nchi zinazoendelea.

Usalama. Kabla ya kuuliza kama chanjo inakinga, wanauliza kama inadhuru. Vifaranga hupewa chanjo na kuangaliwa kila siku. Kirusi hupitishwa kifaranga hadi kifaranga kuona kama kitageuka kuwa kikali. Kikigeuka, kazi inaishia hapo.

Nguvu. Hapa ndipo yule muuzaji anapokwama. Kuku hugawanywa makundi mawili: waliochanjwa na wasiochanjwa. Wote wanapewa mdondo mkali. Bila lile kundi la pili huwezi kujua kama kuku amepona kwa dawa au angepona tu. Watafiti wetu wa Tanzania waliifanya kazi hii kwa kuku wa kisasa na wa kienyeji, na majibu yalichapishwa mwaka 2000: I-2 inakinga.

Kiwandani. Leo inatengenezwa hapahapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari (TVLA). Kila toleo hupimwa kabla ya kuuzwa, ndiyo maana chupa ina namba ya toleo.

Sasa wewe ufanye nini?

- Nunua kwenye duka la mifugo lililosajiliwa. Soma jina, namba ya toleo na tarehe ya kuisha. Hakuna lebo? Rudisha.
- Chanja kuku wazima tu. Tone moja, jicho moja, kifaranga na jogoo dozi ni ileile.
- Rudia kila baada ya miezi 3 hadi 4. Kinga inajengeka ndani ya siku 7 hadi 14, kwa hiyo usisubiri mdondo uingie kijiji cha jirani.
- I-2 iliyokaushwa huvumilia wiki 8 kwenye nyuzi 28 ikiwa gizani. Hiyo siyo ruhusa ya kuifunga nyuma ya pikipiki juani. Ukishaichanganya, itumie siku hiyohiyo.

Yule kijana ameanza upya na vifaranga 50, na safari hii tumechanja pamoja. Akija mtu na "dawa mpya", muulize maswali mawili: ilijaribiwa wapi, na kuku wasiopewa walikuwaje? Akibabaika, funga pochi yako.