Tarime hadi Dar kwa ndege ya kwenye simu

"Mtaalamu, Tarime hadi Dar kwa ndege ni saa ngapi?" Wiki hii nimeulizwa mara nne, na wote wanne walikuwa na jibu lao tayari kwenye simu: saa moja na robo. Walitaka niseme ndiyo tu. Sisemi.

Ndege ipi hiyo? Hapo kila mtu hunyamaza. Programu hizo huchukua nukta mbili za ramani, zikapima umbali, zikagawa kwa mwendo wa ndege kubwa, kama kilomita 800 kwa saa, kisha zikaongeza dakika za kupaa na kutua. Kama kuna ndege au hakuna, haziulizi. Ziandikie kilele cha Kilimanjaro na kisiwa cha Ukerewe, zitakupangia safari bila aibu.

Hesabu yenyewe si mbaya. Tarime hadi Dar ni kilomita 815 hivi angani, mstari ukikatiza Serengeti na nyanda za juu za Ngorongoro. Mugumu ni 750. Sasa kichekesho: Mwanza hadi Dar ni 850! Mtu wa Mugumu, aliye karibu na Dar kwa kilomita mia zaidi, hupanda gari kuelekea magharibi, Dar akiipa mgongo, akaifuate ndege Mwanza. Wa Tarime naye ana karibu kilomita 300 za lami: Kirumi, Bunda, Lamadi, Magu, na vibao vya 50 kila penye nyumba. Saa tano, ukibahatika. Ndege ni saa moja na nusu. Weka saa mbili za kuripoti, kusubiri begi, foleni ya Dar: saa kumi mlango hadi mlango, na hapo nimekuhurumia. Walioamini ile saa moja na robo ndio wanaokuta kaunta imefungwa, wakaanza kuwagombeza mabinti wa watu.

"Mbona Serengeti kuna viwanja?" Vipo, Seronera, Fort Ikoma, Kogatende, vya ndege ndogo za watalii. Caravan, mojawapo ya ndege hizo ndogo, haifikii hata nusu ya mwendo ule wa kwenye simu, na njiani hutua hapa na pale kuchukua wageni.

Haya, chagua. Mwanza: ndege ikiwa ya asubuhi, lala huko huko. Musoma: uliza kwanza kama siku yako kuna safari. Seronera: nauli ya kitalii, kiingilio cha hifadhi, begi laini la kilo 15. Kisumu kupitia Sirari inamfaa wa Nairobi mwenye hati ya kusafiria; kwa Dar ni kuzunguka bure. Basi linachosha, ila unapanda mara moja.

Na tiketi ikiandikwa 06:00, ni saa kumi na mbili alfajiri. Mzee mmoja alijitahidi kuwahi ya saa sita mchana. Alifika uwanjani saa nne, ndege yake ikiwa imeshatua Dar zamani.