Supu ya miguu haiendi gotini

Je, msomaji, umewahi kunywa supu ya kichwa na miguu ya mbuzi kule Kiamaiko au katika soko la Burma? Bila shaka umesikia ikisifiwa kuwa dawa ya magoti. Iache hiyo supu kwenye sufuria usiku kucha, na asubuhi utaikuta imeganda, inatetemeka. Chini ya utando wa mafuta, kilichoigandisha ni protini iitwayo kolajeni.

Kolajeni ni nyuzi. Kila uzi umesokotwa kwa nyuzi tatu nyembamba zaidi, mfano wa kamba ya katani. Ndizo zinazoshikilia ngozi, kano, gegedu na mifupa. Karibu theluthi moja ya protini yote mwilini mwako ni kolajeni. Zikichemshwa kwa muda mrefu, nyuzi hizo hufumuka. Supu ikipoa, inaganda.

Basi, ukiinywa, itakwenda moja kwa moja gotini? La. Tumbo huivunjavunja sawa na protini ya maharagwe au ndengu, kisha mwili hutumia vipande hivyo popote unapovihitaji. Supu ni chakula kizuri, lakini usiifanye tiba.

Mwili wako hujisokotea kolajeni yake wenyewe, na kazi hiyo haifanyiki sawasawa bila vitamini C. Mbuzi hujitengenezea vitamini hiyo, binadamu hawezi. Zamani mabaharia waliokaa miezi mingi bila matunda waliugua kiseyeye: fizi zilitoka damu na makovu ya zamani yakafunguka tena. Mwaka wa 1747, tabibu Mskoti James Lind aliwapa baadhi yao machungwa na malimau, nao wakapata nafuu upesi.

Wewe huna haja ya kwenda mbali. Pera, chungwa na sukuma wiki zina vitamini C. Lakini sukuma iliyokatwa tangu asubuhi, ikalowekwa, kisha ikachemshwa mno na maji yake kumwagwa, imepoteza sehemu kubwa. Nunua majani mazima, yaoshe kabla ya kukata, na uyapike kwa muda mfupi.

Na iwapo goti la nyanya yako limevimba, au kidonda cha mtoto hakiponi, usimalize pesa kwenye supu. Mpeleke katika zahanati iliyo karibu nawe mapema.