Mtoto Hakubemendwa: Somo Kutoka kwa Mapacha wa Malawi

Katika ziara zetu za mradi wa afya ya mama na mtoto tunakutana na watoto waliovimba miguu na uso, nywele zimekuwa nyekundu na haba, nao hawana hamu ya kula. Huo ni unyafuzi. Lakini mtaani jibu huwa tayari kabla ya vipimo: "Huyo amebemendwa." Yaani, mmoja wa wazazi ametoka nje ya ndoa wakati mtoto ananyonya. Basi mama huona aibu, mtoto hufichwa ndani, na anapoletwa kituoni hali imeshakuwa mbaya.

Kwa sababu hiyo tumeona vema tueleze utafiti mmoja unaojibu swali hili.

Mama mmoja, chungu kimoja

Profesa Jeffrey Gordon wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis, Marekani, amechunguza kwa miaka mingi bakteria wanaoishi katika utumbo wa binadamu. Kila mmoja wetu anao matrilioni, na wengi wao si adui. Husaidia kusaga chakula, hutengeneza baadhi ya vitamini, na huwanyima nafasi vijidudu wa magonjwa.

Yeye na wenzake, akiwamo daktari wa watoto Mark Manary, walifuatilia jozi 317 za mapacha nchini Malawi katika miaka 3 ya mwanzo ya maisha. Matokeo yalitolewa mwaka 2013. Nusu ya jozi hizo walikua vizuri. Lakini katika asilimia 43 ya jozi, pacha mmoja alipata utapiamlo na mwenzake akabaki mzima. Kama chanzo kingekuwa mwenendo wa wazazi, mbona pacha wa pili alisalimika?

Watafiti walichukua bakteria kutoka kinyesi cha pacha mwenye unyafuzi na cha pacha mzima, wakawapa panya waliokuzwa bila bakteria wowote. Panya walilishwa chakula cha kawaida cha Malawi, hasa unga wa mahindi na mboga. Waliopewa bakteria wa mtoto mgonjwa walikonda sana. Hivyo, chakula duni kilipokutana na bakteria wasiofaa, ndipo madhara makubwa yalipotokea.

Kuhara na kipindupindu

Kundi hilohilo lilifanya kazi pia Dhaka, Bangladesh, pamoja na Dk. Tahmeed Ahmed wa taasisi ya icddr,b. Mwaka 2014 walionyesha kuwa bakteria wa watoto wenye utapiamlo mkali hubaki "wachanga" kuliko umri wa mtoto, na kwamba matibabu ya kawaida ya lishe huwarekebisha kwa muda tu. Mwaka huohuo, wakichunguza watu wazima waliopona kipindupindu, walimtambua bakteria mmoja wa kawaida wa tumboni anayemzuia kijidudu wa ugonjwa huo kustawi.

Mwaka 2021 walitoa matokeo ya chakula kilichotengenezwa ili kuwalisha bakteria wema: dengu, soya, karanga na ndizi mbichi. Watoto wa miezi 12 hadi 18 waliokila kwa miezi 3 waliongezeka uzito haraka kuliko waliopewa chakula lishe cha kawaida, ingawa hicho cha kawaida kilikuwa na nguvu nyingi zaidi.

Tufanye nini?

Chakula hicho cha utafiti kisichukuliwe kuwa tiba ya kujitengenezea nyumbani. Yaliyo mikononi mwetu ni haya:

- Mbonyeze mtoto kwa kidole gumba juu ya nyayo zote mbili. Shimo likibaki, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.
- Mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha aongezewe vyakula mchanganyiko huku akiendelea kunyonya.
- Tuchemshe maji ya kunywa, tutumie choo, na tunawe mikono kwa sabuni.
- Akiharisha, apewe maji ya chumvichumvi na zinki. Tusinunue antibiotiki bila kuandikiwa na mganga, maana huua hata bakteria wema.

Wanafunzi walipomwona kipofu tangu kuzaliwa, walitaka kujua ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana Yesu hakumlaumu yeyote kati yao. Alimponya (Yohana 9). Wazee wa kanisa, wainjilisti na akina mama wa vikundi, tukisikia tena neno "amebemendwa", tusibaki kunong'ona. Tumsindikize mama huyo kituoni.