Askari Waliowalinda Ayala Katika Theluji

Watu wengi hudhani kwamba askari hakuumbwa ila kwa bunduki na mpaka. Huko Marekani, hata hivyo, kulikuwa na jeshi ambalo kwa miaka 32 lililinda mbuga ya wanyama, na kila majira ya baridi yalipofika, kazi yake ikawa pia kuwaokoa wanyama hao wasife kwa njaa. Habari hii tumeona inawafaa sana wenzetu wa jeshi na polisi.

Mwezi wa Agosti 1886 askari wapanda farasi, wakiongozwa na Kapteni Moses Harris, waliingia Yellowstone, mbuga ya taifa iliyotengwa mwaka 1872. Walitumwa kwa muda tu, wakakaa hadi 1918. Raia waliokuwa wamekabidhiwa mbuga hiyo walikuwa wameshindwa kuwazuia majangili. Na sheria nayo haikuwa na meno: askari akimkamata jangili, aliweza kumnyang'anya vifaa na kumfukuza, basi. Jangili akatoka kwa lango moja akarudi kwa jingine. Polisi anayesoma haya atafahamu uchungu wa kumkamata mtu yule yule mara tatu. Mwaka 1894 jangili mmoja alikamatwa katikati ya theluji pamoja na mizoga ya nyati. Hapo ndipo Bunge la Marekani likatunga sheria ya faini na kifungo.

Doria za askari hao zilifanywa kwa kuteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu zilizofungwa miguuni, kutoka kibanda hadi kibanda. Baadhi yao walifia njiani.

Wanyama tunaowasema ni ayala, jina wanalolikumbuka waliosoma Zaburi. Kwa umbo wamefanana na kulungu wetu, ila pembe za madume zina matawi, nazo huanguka kila mwaka zikaota nyingine. Wako wadogo, na wako wakubwa waitwao wapiti, ambao dume lake laweza kupita kilo 300. Theluji ikiwa nzito, majani hufunikwa. Ikiyeyuka kidogo kisha ikaganda, juu yake hufanyika gamba gumu ambalo kwato haziwezi kulivunja. Sisi wa nchi za jua tunaijua njaa ya kiangazi. Ile yao ni njaa ya chakula kilicho chini ya miguu lakini hakifikiki.

Askari wa Yellowstone, kwa huruma, waliwatupia wanyama majani makavu, hata wakalima shamba la alfalfa karibu na lango la kaskazini. Upande wa kusini, katika bonde la Jackson, wakulima walikuwa wamejenga mji na mashamba penye malisho ya baridi ya wapiti. Maelfu ya wanyama wakafa, na mwaka 1912 serikali ikatenga hifadhi maalumu ya kuwalisha. Kwa zaidi ya miaka 100 wamelishwa hapo karibu kila majira ya baridi.

Jambo hili lasikika kuwa jema tupu. Tulipolichunguza tukaona limebeba hatari mbili.

Ya kwanza imo tumboni. Ayala hucheua kama ng'ombe, na tumboni mwake mna vijidudu vinavyomsaidia kumeng'enya chakula. Baridi inapoingia, vijidudu hivyo huzoea vijiti na magome ya miti. Mtu mwenye huruma akimwagia ayala gunia la mahindi ghafla, tumbo hujaa asidi, na mnyama hufa akiwa ameshiba. Wataalamu wamepasua mizoga ya namna hiyo wakakuta mahindi mengi tumboni. Wauaji wake hawakuwa na nia mbaya hata kidogo.

Ya pili ni maambukizo. Wanyama waliokuwa wametawanyika milimani hukusanyika mahali pamoja, pua kwa pua. Mwaka 1967, katika jimbo la Colorado, ulionekana ugonjwa unaowakondesha ayala hadi kufa. Chanzo chake ni protini iliyopotoka umbo, ambayo hudumu udongoni kwa miaka. Hauna dawa wala chanjo. Mwaka 2016 ulionekana Norway kwa paa wa kaskazini, na serikali ikaamuru kundi zima la wanyama wapatao 2,000 liuawe kwa risasi. Kazi hiyo ikamalizika 2018. Bonde la Jackson nalo limeshafikiwa. Sasa wakuu wa Wyoming wamekwama: wakiacha kulisha, wanyama watakufa kwa njaa na kuvamia ghala za wakulima, wakiendelea, wataueneza ugonjwa.

Tukiulizwa, tungesema msaada ulio bora ni kumwacha mnyama atulie. Ayala huingia katika baridi na mafuta aliyoyaweka tangu kiangazi, naye huyatumia kwa ubahili, akisimama chini ya misonobari ambako theluji ni haba. Kila anapokimbizwa na mbwa au pikipiki ya theluji, hula akiba ambayo hawezi kuirudisha. Kwa sababu hiyo magharibi ya Wyoming ni marufuku kuokota pembe zilizoanguka katika ardhi ya umma kuanzia Januari hadi mwisho wa Aprili. Pembe hizo zina bei, na waokotaji huwafukuza wanyama huku na huku. Katika baridi kali ya 2022 hadi 2023, wataalamu waliokuwa wamewavalisha ayala wa milima ya huko mikanda yenye redio waliona watoto karibu wote wakifa, na majike zaidi ya nusu. Mwaka huo marufuku ikaongezwa muda.

Njia nazo zafunguliwa. Penye Trapper's Point yamejengwa madaraja mapana yenye udongo na nyasi juu ya barabara kuu, yakamalizika 2012, ili wanyama wahamao wavuke bila kugongwa. Magari hupita chini, wanyama juu. Askari wa barabarani wa huko wamepungukiwa na ajali za kuandika.