Koo Linapovimbisha Shingo, Usingoje Kupambazuke

Ndugu msomaji, ni nani kati yetu asiyewahi kuumwa koo? Maradhi haya ni ya kila nyumba. Mgonjwa husukutua kwa maji ya chumvi, hunywa chai ya moto, na baada ya siku chache hurudi kazini. Kwa sababu hiyo watu wengi huyadharau. Lakini kwa wachache wetu maradhi hayo hutoka kooni yakaingia katika nyama za shingo, na hapo huweza kumwua mtu mzima mwenye nguvu zake kwa siku chache, na mtoto kwa muda mfupi zaidi.

Leo twazungumza hasa na wakazi wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, pamoja na askari na polisi walio kazini upande huo na jamaa zao walioko Mbarara. Nakivale ni miongoni mwa makazi ya kale kabisa ya wakimbizi barani Afrika. Yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya watu waliotoka Rwanda, na leo wamo pia Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo. Vituo vya afya vimo humo, lakini mgonjwa anayehitaji bingwa wa masikio, pua na koo hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mbarara, ambamo wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara hupata mafunzo yao. Kati ya nyumba ya mgonjwa na hospitali hiyo pana barabara ndefu. Anayechelewa kutambua dalili hupoteza saa ambazo gari haliwezi kuzirudisha.

USAHA HUSHUKAJE?

Ndani ya shingo, baina ya nyama na mishipa, mna nafasi zilizopangana kama vyumba vya nyumba moja ambavyo milango yake haina makomeo. Mara nyingi usaha huanza kando ya findo lililovimba. Usipotolewa, huweza kupenya hadi ubavuni mwa koo, ulipo mshipa mkubwa wa damu, na kutoka hapo kuteremka hadi kifuani, karibu na moyo. Kwa watoto wadogo, hasa wa chini ya miaka mitano, jipu huweza kujificha nyuma ya koo, ambako mama haoni kitu hata akimchungulia mtoto kinywani.

Wakati mwingine chanzo ni jino bovu. Sakafu ya kinywa huvimba na ulimi ukainuliwa hadi kuziba njia ya pumzi. Daktari Mjerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, aliueleza ugonjwa huo mwaka 1836, na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Mwaka 1936 Mfaransa André Lemierre alieleza jinsi vijidudu vya kooni vinavyoweza kugandisha damu katika mshipa wa shingo na kutawanya usaha mapafuni. Kati ya wagonjwa 20 aliowaeleza, 18 walikufa. Penisilini ilikuwa bado haijaanza kutumika hospitalini. Sisi tunayo, pamoja na dawa nyingine zenye nguvu zaidi. Kinachotuponza aghalabu ni kuchelewa.

DALILI ZA HATARI

Mpeleke mgonjwa kituo cha afya saa ileile, iwe mchana au usiku, uonapo mojawapo ya haya:

1. Hawezi kufungua kinywa sawasawa.
2. Hawezi kumeza hata mate yake, nayo yanamdondoka.
3. Sauti imebadilika, kana kwamba ana kiazi cha moto kinywani.
4. Shingo au chini ya taya pamevimba, panauma, na homa ni kali.
5. Shingo imekakamaa, au mtoto anakataa kuigeuza.
6. Anapumua kwa shida au kwa mlio, au hawezi kulala chali.

Uvimbe unaokua polepole kwa majuma mengi ni jambo jingine. Huenda ukawa kifua kikuu cha matezi au saratani, nao pia wataka kupimwa.

YASIYOFAA KUFANYWA

Usikamue wala kuchanja uvimbe. Usimlazimishe mgonjwa kulala chali, wala kumlisha ikiwa hawezi kumeza. Iko pia desturi, katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, ya kumkata mtoto kimeo ili kumponya kikohozi au koo. Kimeo hakisababishi maradhi hayo. Kukikata kwa wembe huleta kutoka damu, pepopunda, na usaha uleule tunaouogopa.

Tena tujihadhari na vidonge vya kununua viwili vitatu dukani. Maumivu mengi ya koo huletwa na virusi, nayo hayahitaji dawa za kuua bakteria. Yanayozihitaji yataka dozi kamili, kama alivyoagiza mganga. Nusu dozi huweza kupunguza homa huku usaha ukiendelea kujikusanya, na mgonjwa akadhani amepona.

MATIBABU YENYEWE

Kwanza daktari hutazama pumzi. Njia ikiwa imeziba, huenda akalazimika kutoboa tundu mbele ya shingo na kuingiza mpira wa kupitisha hewa. Jamaa wasishtuke wakaikataa kazi hiyo, kwa maana aghalabu tundu hilo ni la muda tu, na bila pumzi hakuna dawa itakayofaa. Pili, mgonjwa hupewa maji na dawa za kuua bakteria kwa njia ya mshipa. Tatu, jipu lililokwisha kuiva hupasuliwa usaha utoke, kwani dawa peke yake mara nyingi haiwezi kulimaliza. Kisha hupimwa kisukari na virusi vya Ukimwi, kwa sababu mwenye maradhi hayo hushambuliwa vibaya zaidi.

Mhudumu wa kituo akiandika barua ya rufaa, dozi ya kwanza ya sindano itolewe kabla ya safari ikiwezekana, na mgonjwa asafiri ameketi wima. Asiyeweza kupumua vizuri asipandishwe pikipiki peke yake na dereva. Wala gharama isiwe kisingizio cha kukaa nyumbani. Mwaka 2001 Uganda ilifuta ada za matibabu katika vituo vya serikali, isipokuwa wodi za kulipia, na mkimbizi hutibiwa humo kama mwananchi.

Kwa askari tuna neno moja. Mtu aliyezoea kuvumilia huona haya kutoka zamu kwa sababu ya koo. Lakini kinywa kisichofunguka si jambo la kuvumilia, na mkubwa wake ampe ruhusa mara moja. Naye polisi anayegongewa mlango usiku na mzazi mwenye mtoto anayekoroma kwa kukosa hewa, asaidie kutafuta gari kwanza. Maelezo yataandikwa baadaye. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Basi ndugu, usiku huu huu kabla hamjalala, mchungulieni mtoto anayelalamika koo, na mwambieni afungue kinywa.