Jino la Mtoto na Magadi ya Makande

Makande yamechemka saa nzima na maharage bado ni magumu. Mama anachota magadi kwa ncha ya kijiko, anatia, povu linapanda hadi kwenye ukingo wa sufuria. Muda si mrefu maganda yanalegea. Magadi ni alikali: hudhoofisha pektini, ile gundi inayoshikamanisha seli za maharage, hivyo kuni chache hutosha. Katika nyumba nyingi za Arusha na Kilimanjaro huo ni upishi wa kawaida.

Ila magadi hayaji peke yake. Huokotwa kama magamba ya chumvi kando ya maziwa ya Bonde la Ufa, Natron likiwamo, ambako jua hukausha maji na kuacha kila kilichoyeyuka ndani yake. Kimojawapo ni floraidi, iliyotokana na miamba ya volkano. Madini hayo ndiyo yaliyojaa katika chemchemi na mito mingi inayoshuka Mlima Meru. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Huko chini ya Meru kuna maji yanayopita kiwango hicho mara kadhaa.

Hicho ndicho chanzo cha meno ya kahawia yanayomfanya kijana wa Arusha, akiwa ugenini, acheke huku ameziba mdomo. Watu hudhani hapigi mswaki. Kumbe meno ya mbele ya utu uzima huanza kujengwa ndani ya taya mtoto akiwa bado ananyonya. Floraidi ikizidi katika miaka hiyo, enameli, yaani tabaka gumu la nje ya jino, haikomai sawasawa. Hubaki na vitundu visivyoonekana kwa macho. Jino huota na mabaka meupe kama chokaa. Ukahawia huja baadaye, rangi za vyakula na vinywaji zinapopenya humo. Mtu mzima akihamia Arusha, meno yake hayapati mabaka hayo, kwa kuwa yalishajengwa.

Floraidi hiyo hiyo imo kwenye dawa ya meno. Bakteria wa kinywani wakila sukari hutoa asidi inayomomonyoa madini ya jino, nayo floraidi huyasaidia kurudi. Lakini ya dawa ya meno hupakwa juu ya jino kisha hutemwa. Ya makande humezwa.

Lawama zilizoea kuangukia maji. Hata hivyo, watafiti walipopima Kilimanjaro walikuta watoto wenye mabaka hata palipo na maji yenye floraidi kidogo, na magadi ya jikoni yakawa miongoni mwa washukiwa. Kuchemsha hakusaidii: maji hupungua, floraidi inabaki.

Jikoni, dawa ni kuloweka maharage na mahindi usiku kucha. Yataiva mapema bila magadi. Kwa maji, wataalamu wa kituo cha Ngurdoto, wilayani Arumeru, wamefanyia kazi chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mfupa na jino vimejengwa kwa madini ya aina moja, ya kalsiamu na fosfeti, na vyote viwili huinasa floraidi. Maji yakipita kwanza kwenye mfupa wa ng'ombe, jino la mtoto huponea hapo.