Laptopu Yako Haina IMEI: Fanya Haya Kabla Haijaibiwa

Simu ikiibiwa, wengi tunajua pa kuanzia: unafunga laini, unaripoti polisi, na kwa kutumia IMEI simu yenyewe inaweza kufungiwa isishike mtandao. Laptopu ni habari nyingine. Nyingi hazina laini wala IMEI. Mwizi akiifikisha kwa fundi ikapigwa Windows upya, jina lako, mafaili yako na programu ya kuitafuta vyote vinafutika.

Ila kuna kitu kimoja ambacho kupiga Windows hakukifuti: serial namba. Hiyo imewekwa kiwandani, na hubaki ndani ya mashine hata ikibadilishwa Windows mara kumi. Ndiyo ushahidi wako.

KABLA HAIJAIBIWA

1. Hifadhi serial namba. Mara nyingi iko kwenye stika chini ya laptopu na kwenye boksi lake. Kama stika imefutika, fungua PowerShell, andika Get-CimInstance Win32_BIOS kisha bonyeza Enter. Piga picha namba hiyo pamoja na risiti, ujitumie kwa barua pepe. Ukiiacha ndani ya laptopu hiyohiyo, itaondoka nayo.

2. Washa huduma ya kuitafuta. Kwenye Windows 11 nenda Settings, Privacy & security, halafu Find my device. Lazima uwe umeingia kwa akaunti ya Microsoft. Wenye MacBook washeni Find My. Kwa MacBook za miaka ya karibuni, hata mwizi akiifuta yote itamwomba nywila ya mwenyewe.

3. Funga diski. Nywila ya kuwashia peke yake haitoshi, mtu anaweza kuchomoa diski na kuisoma kwenye kompyuta nyingine. Washa BitLocker au Device encryption, na ufunguo wake uuhifadhi mahali pengine.

4. Nakili kazi zako nje. Mwanafunzi anayepoteza laptopu wiki ya kukabidhi utafiti haumizwi na bei ya mashine, anaumizwa na kazi ya mwaka mzima. Weka nakala Google Drive au kwenye flashi, na flashi isikae kwenye begi moja na laptopu.

5. Usiwape nafasi. Kwenye basi begi la laptopu pakata, usiliweke kwenye keria. Usiiache kwenye siti ya gari, hata kama umefunga milango.

IKISHAIBIWA

Kwanza shika simu yako. Badilisha nywila ya barua pepe, kisha kwenye akaunti ya Google iondoe laptopu hiyo kwenye orodha ya vifaa vyako. Fungua WhatsApp, nenda kwenye vifaa vilivyounganishwa, itoe. Hii usiisubirishe, maana mwenye barua pepe yako anaweza kubadilisha nywila zako nyingine zote.

Pili, ingia account.microsoft.com/devices au iCloud.com/find uangalie ilipo na uifunge. Laptopu ya Windows itaonekana ilipo sasa ikiwa tu imeunganishwa na intaneti. Kama ni MacBook, usiiondoe kwenye akaunti yako, ukiiondoa umemfungulia mwizi.

Tatu, nenda kituo cha polisi na risiti na serial namba, upewe RB. Ramani ikikuonyesha nyumba fulani, usiende mwenyewe kugonga mlango. Ramani hukosea nyumba, na huwezi kujua utamkuta nani. Nenda na polisi.

Nne, wapelekee serial namba mafundi na wauza laptopu za mtumba wa eneo lako. Na wewe ukinunua ya mtumba, linganisha namba ya chini na ile ya PowerShell, na udai risiti. Kupokea mali ya wizi ukijua ni ya wizi ni kosa la jinai.

Kama laptopu iko karibu, igeuze sasa hivi upige picha ile stika. Ni dakika moja tu.